Jino la dinosaria kutoka Kakamega: mambo ya kujua kabla hujatoa pesa

Biashara hii mara nyingi huanza kwa picha ya simu. Jino limelazwa kiganjani, au juu ya kitambaa chekundu kando ya kiberiti ili ukubwa wake uonekane. Chini yake kuna maelezo mafupi: limetoka ndani ya shimo la dhahabu Kakamega, ni la dinosaria, aliyelichimba hajui thamani yake, kuna Mzungu Nairobi ameahidi dola lakini mwenye mali anataka pesa za haraka. Wewe uko Kisauni au Malindi, una shemeji Dubai apendaye vitu vya ajabu, na bei inayotajwa si kubwa ya kukushinda wala si ndogo ya kukutia shaka. Ndipo linapokuja swali: nitajuaje kama ni la kweli?

Swali hilo lina majibu, na tutayafikia. Lakini yako mawili yanayolitangulia. La kwanza, mwamba ulikotoka jino hilo una umri gani? La pili, ni mali ya nani? Mtu akiyajibu hayo kwanza, mara nyingi hana haja ya kufika kwenye lenzi wala taa.

Miamba iliyowatangulia dinosaria

Dinosaria walitokea duniani miaka kama milioni 230 hadi 240 iliyopita, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita, isipokuwa ndege, ambao wataalamu wanawahesabu kuwa kizazi chao kilichobaki. Miamba ya dhahabu ya Kakamega ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba tarakimu hazimwambii mtu kitu, basi tuipime kwa saa. Chukua umri wote wa mwamba wa Kakamega uufanye siku moja, kutoka magharibi ya jana hadi magharibi ya leo. Usiku wote unapita, asubuhi inapita, adhuhuri inapita, na dinosaria bado hawajaonekana. Wanaingia karibu na saa kumi alasiri. Saa kumi na moja na dakika kama ishirini na tano wamekwisha kuondoka.

Wakati mawe hayo yanaumbwa, uhai uliokuwapo ulikuwa wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hapakuwa na samaki wala jani, seuze mnyama mwenye meno. Baadaye miamba ile ilizikwa, ikakandamizwa, ikapikwa na joto la chini ya ardhi, na matale yaliyoyeyuka yakapenya ndani yake. Lile jiwe la Ilesi liliolo kando ya barabara ya Kisumu, ambalo wenyeji wanaliita jiwe linalolia kwa maji yanayolitiririka, ni itale ya namna hiyo. Dhahabu nayo imo katika mishipa ya kwatzi iliyojipenyeza kwenye nyufa za mwamba. Hiyo ndiyo iliyowavuta watafutaji kwa mamia kuanzia mwaka 1931, ikafungua mgodi wa Rosterman uliofanya kazi hadi 1952, na ndiyo inayowatia vijana mashimoni mpaka leo. Kumtafuta dinosaria humo ni kama kutafuta risiti ya M-Pesa ndani ya ukuta wa Fort Jesus.

Mwenye kujua kubisha atasema: mwamba ni wa kale sawa, lakini juu yake kuna udongo, na kuna kokoto za mito. Kweli. Na mifupa huonekana humo. Ila udongo huo ni wa juzi ukilinganisha na dinosaria, na mifupa yake ni ya ng'ombe, nguruwe, kiboko, pengine ndovu wa zamani zile msitu ulipokuwa mkubwa. Mfupa uliolala kwenye udongo mwekundu hugeuka rangi ukaonekana mkongwe kuliko ulivyo. Mchimbaji anayekuletea si lazima awe mwongo. Huenda yeye mwenyewe ameamini. Lakini imani yake haibadilishi umri wa jiwe.

Kanda ya magharibi ina visukuku, tena vya thamani kubwa kwa elimu, ila si hapo wala si vya dinosaria. Viko kwenye majivu ya volkano na matope ya kale ya Songhor, Koru, Fort Ternan, na katika visiwa vya Rusinga na Maboko ndani ya ziwa Victoria. Umri wake ni miaka kati ya milioni 14 na 23 hivi: sokwe wa kale, ndovu wa kale, vifaru, mamba. Yaani hata hao walizaliwa dinosaria wakiwa wamekwisha toweka zaidi ya miaka milioni 40. Mmoja wao inafaa wasomaji wa Kiswahili wamjue, kwa sababu jina lake la kisayansi ni Kiswahili kitupu: Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba, bali mla nyama wa ukoo uliokwisha kupotea, mkubwa kuliko simba yeyote wa leo, aliyeishi miaka kama milioni 22 iliyopita. Taya lake lilichimbwa mahali paitwapo Meswa Bridge, kanda hiyo hiyo ya magharibi, mwishoni mwa miaka ya 1970, likakaa katika droo ya makumbusho ya Nairobi mpaka watafiti wawili wakalitazama vizuri na kulitangaza mwaka 2019. Ukionyeshwa chonge la mnyama kama huyo bila maelezo, hakuna lugha utakayoisikia ila “dinosaria”. Kumbe ni kitu adimu zaidi, na kingeuzwa kwa jina la uongo kingepotea moja kwa moja.

Dinosaria wa kweli wa Afrika Mashariki

Wapo, na si wa kukisia. Kenya mifupa yao imepatikana kaskazini kabisa mwa Turkana, katika milima ya Lapurr karibu na Lokitaung. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pamoja na wenzao wa Marekani walikusanya huko vipande vingi vya enzi ya Kretasia, wakiwemo walao nyama wakubwa. Ukitoka Kakamega mpaka huko ni safari ya siku, na mawe yake hayana udugu na ya Kakamega.

Tanzania ina zaidi. Kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, ndicho kisima kikubwa cha dinosaria katika kanda yetu. Mhandisi Mjerumani alionyeshwa mifupa mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin ulichimba na kupeleka Ujerumani mzigo wa zaidi ya tani 200. Mifupa ilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, na watu waliokuwa wametoka tu katika vita vya Maji Maji. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, aliyejifunza kuichimbua na kuifunga mifupa kwa ustadi uliosifiwa na Wajerumani wenyewe. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na mjadala wa nani mwenye haki naye haujaisha.

Kusini magharibi, bonde la Rukwa na kando za Mbeya na Songwe, wamepatikana wengine katika miaka yetu hii. Mmoja alipewa jina mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto alikopatikana, na moyo wa mkia ni kwa kuwa baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Hao wote wana mahali, wana namba, wana mwamba unaojulikana. Jino la picha ya simu lina kiberiti tu.

Na sisi wa pwani? Mawe ya matope magumu ya Changamwe na Miritini ni ya enzi ya Jurasiki, karibu rika moja na Tendaguru, lakini yalitandikwa chini ya bahari. Kinachoonekana humo ni viumbe vya baharini vilivyojikunja kama pembe ya kondoo, ambavyo watu huviita konokono wa mawe. Na matumbawe tuliyojengea nyumba za Mji wa Kale, Lamu hata Gede, hayo nayo ni visukuku. Mengi ya mwamba wa Mombasa yalikuwa mwamba hai baharini miaka kama 125,000 iliyopita. Wengi wetu tumelala ndani ya visukuku tangu utotoni bila kuambiwa.

Mali ya nani

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupatikana hawana habari. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu mabaki ya wanyama na mimea ya tangu kabla ya 1895 yenye maana kwa historia au sayansi kuwa ni vitu vya kale, na vilivyomo ardhini ni mali ya serikali, hata kama shamba ni la babu yako. Kutafuta na kuchimba kunataka leseni. Aliyekiona kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Maana yake ni hii: mtu anayesema “nimelitoa Turkana, ni la kweli kabisa” amejifunga mwenyewe. Kama anasema kweli, hana haki ya kuliuza, na wewe huna haki ya kulipeleka Dubai ndani ya begi. Kama anasema uongo, umenunua takataka. Hakuna tundu la kati ambalo mnunuzi anatoka salama. Tanzania nako ni vivyo hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo.

Kuna hatari ya pili, na hii huwakuta watu kwa sababu ya bidhaa bandia. Meno mengi yanayoitwa ya dinosaria huku kwetu ni ya kiboko, ngiri au mamba, yaliyochemshwa kwa majani ya chai au kulowekwa kwenye pamanganeti yapate rangi ya kahawia. Ukikamatwa nalo, askari wa wanyamapori hatakuuliza dinosaria. Atakuuliza kibali cha nyara. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili, kwa kukutwa na nyara bila kibali. Utetezi wa “nilidhani ni la kale” ni mwepesi mno kwa kiasi hicho cha pesa.

Likija la ng'ambo

Basi tuseme hutaki la Kenya. Unataka kununua jino halali la nchi nyingine, labda ukiwa Ghuba au kupitia ndugu aliye Ulaya. Hapo maswali ya ukweli na uongo ndiyo yanaanza kuwa na kazi.

Sehemu kubwa ya meno yanayouzwa kwa bei nafuu duniani hutoka Moroko, mji wa Erfoud na jangwa lililoupakana, kwenye miamba iitwayo Kem Kem. Wingi wake usikushangaze. Dinosaria walikuwa wakibadilisha meno maisha yao yote kama papa, kwa hiyo mnyama mmoja aliacha meno mengi sana. Jino la kawaida la Spinosaurus, lililovunjika au kuchakaa kidogo, huuzwa kwa makumi ya dola, si kwa maelfu. Ukiona zuri mno na kubwa mno kwa bei ya chini, au la kawaida kwa bei ya gari, yote mawili yana kasoro.

Ujue pia sura zao. La Spinosaurus ni la duara kama la mamba, limenyooka, lina mistari inayoshuka kwa urefu wake, halina msumeno wa wazi pembeni. La Carcharodontosaurus ni bapa kama ubao wa kisu, na kingo zake zina vimeno vidogo vya msumeno vilivyopangika. Mengi ni meno yaliyodondoka mnyama akiwa hai, hivyo hayana mzizi mrefu. Kitako chake ni kifupi, kina shimo au kimelika. Muuzaji akikuonyesha jino lenye mzizi mrefu, mnene, msafi, uliza mara mbili, maana mizizi ya kuunda kwa mchanga na gundi ni kazi ya kila siku. Vivyo hivyo mataya ya Mosasaurus yenye meno yaliyopangwa sawasawa kwenye jiwe la manjano: meno huenda ni ya kweli, taya ni mchanga uliokandwa. Isitoshe, Mosasaurus alikuwa mjusi wa baharini. Si dinosaria, hata kama kibao kinasema hivyo.

Halafu kuna majina. Tyrannosaurus rex aliishi Amerika Kaskazini tu. Velociraptor ni wa Asia. Mtu anayeuza jino la T. rex la Afrika hajui anachouza, au anajua vizuri sana kwamba wewe hujui.

Kwa kukagua, vifaa si vya gharama. Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara kumi. Kwenye jino la kweli utaona enameli ni tabaka jembamba linalong'aa, lina nyufa nyembamba kama za kikombe cha kauri kilichozeeka, na palipovunjika utaona tabaka la ndani lina rangi na umbile tofauti. Jino la kumiminwa kwa rezini lina kitu kimoja kutoka nje hadi ndani. Tafuta vitundu vya hewa vya mviringo, vidogo kama vya povu. Mfupa hauvitengenezi, rezini huvitengeneza. Tafuta mshono mwembamba pembeni, alama ya nusu mbili za kalibu zilipokutana. Na ukiwekewa meno matatu yenye mkwaruzo mmoja mahali pamoja, yametoka kalibu moja.

Chukua pia ile taa ndogo ya zambarau wanayotumia maduka kukagulia noti. Zima taa za chumba, mulika. Gundi nyingi na rangi za kisasa hung'aa tofauti na jino lenyewe, na kiungo kilichofichwa huonekana kama mstari wa mbalamwezi. Kiungo peke yake si udanganyifu: meno mengi huvunjika wakati wa kuchimbwa yakaunganishwa. Udanganyifu ni kutokukwambia. Pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ukiipitisha mahali pa siri itaondoka na rangi iliyopakwa. Sindano iliyopashwa moto ikigusa rezini itazama kidogo na kutoa harufu ya plastiki. Ikigusa mfupa mpya itanuka nywele zilizoungua. Kisukuku kilichogeuka jiwe hakinuki kitu. Mwombe mwenye mali ruhusa kwanza. Anayekataa sindano ana haki yake, anayekataa hata lenzi amekwisha kukujibu.

Mifupa ina elimu yake. Umbo lisikudanganye, kwani mawe ya mtoni hujifinyanga kama goti, kama yai, kama kichwa cha mtu, bila kuwahi kuwa na uhai. Tazama palipovunjika. Mfupa una ganda gumu nje na ndani una vitundu vitundu kama sifongo au mkate, vyenye mpangilio. Jiwe la kawaida ni moja tu ndani, au lina tabaka tabaka kama kitunguu. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito kuliko wa kuchinja wa ukubwa huo huo, na mara nyingi vitundu vyake vimejaa madini. Rangi haisemi lolote: kuna visukuku vyeupe, vyeusi, vyekundu, vya samawati, kwa kadiri ya madini ya pale vilipolala.

Utaambiwa ulambe. Ni kweli kwamba mfupa wa kale wenye vitundu hunata ulimini, na hata wataalamu porini hufanya hivyo. Lakini plasta nayo hunata, udongo uliokauka hunata. Na kitu kilichotoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Kakamega, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, hakifai kukaribia mdomo wa mtu.

Karatasi

Nikiambiwa nichague kati ya jino zuri lisilo na karatasi na jino bovu lenye karatasi, nachukua bovu. Karatasi nzuri si cheti chenye muhuri wa dhahabu. Vyeti vya “asili halisi” huchapishwa na yeyote mwenye printa. Ya maana ni ile inayotaja mahali, mwamba, mwaka wa kuchimbwa, mikono iliyopitia, ukarabati uliofanywa, na kibali cha kutoka nchi husika. Mongolia na Brazili, kwa mfano, visukuku ni mali ya serikali. Marekani, kilichomo katika ardhi ya mtu binafsi ni chake, anaweza kuuza, na ndiyo sababu minada mikubwa hutegemea mifupa ya huko.

Minada hiyo ndiyo iliyowapandisha watu wazimu wa bei. Mwaka 1997 T. rex aitwaye Sue aliuzwa kwa dola milioni 8.36. Mwaka 2020 mwenzake aitwaye Stan alifika dola milioni 31.8, na baadaye ikajulikana kuwa amenunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Abu Dhabi. Habari kama hizo zikifika mitandaoni, kila mwenye mfupa jikoni anajiona milionea. Kinachosahaulika ni nusu ya pili. Mwaka 2012 mifupa ya Tarbosaurus iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni moja. Serikali ya Mongolia ikadai, mahakama ikaingia, na mwaka uliofuata mifupa ikarudishwa kwao. Na mwaka 2022 mnada wa Hong Kong ulimwondoa T. rex mmoja siku chache kabla ya kuuzwa, baada ya watu kuuliza ni mifupa mingapi ndani yake iliyokuwa nakala. Kama wale wenye maabara na mawakili wanafika hapo, usione haya kuuliza maswali mbele ya muuzaji wa simu.

Kuna njia ya tatu ambayo kwa ajabu watu huiona ya fedheha: kununua nakala inayouzwa kwa jina la nakala. Nakala nzuri hutengenezwa kwa kalibu ya jino halisi, inaonyesha kila msumeno na kila ufa, haivunji sheria ya nchi yoyote, na mtoto wa madrasa au wa shule anaweza kuishika bila mtu kushtuka ikianguka. Makumbusho makubwa duniani yamejaa nakala. Ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya rais, anasimama Nairobi kwa umbo la kutengenezwa, na hakuna anayemwona bandia.

Ukikiona wewe mwenyewe

Huenda siku moja ikawa si picha ya simu. Uko Kakamega kwa shemeji, au machimbo ya mawe Mariakani, au unachimba kisima Kwale, na kinatokea kitu chenye vitundu vya mfupa ndani ya jiwe. Usikitoe. Kisukuku kilichong'olewa kimepoteza nusu ya habari zake, kwa sababu umri wake unasomwa kutoka kwenye mwamba uliokizunguka. Piga picha kikiwa pale pale, weka sarafu au kalamu kando yake, piga nyingine kwa mbali ionyeshe mazingira, hifadhi mahali kwenye ramani ya simu, na uandike tarehe na jina la mwenye shamba. Kama kimekwisha kung'oka, kifunge kwa karatasi kikiwa na udongo wake, usikioshe, usikipake gundi wala vanishi.

Kisha peleka taarifa ndani ya zile siku saba. Huna lazima ya kufunga safari ya Nairobi. Makumbusho ya Taifa yana ofisi Fort Jesus kwa watu wa pwani, na Kisumu na Kitale kwa walio karibu na Kakamega. Waombe wakuandikie kwamba wamepokea, jina lako na mahali ulipokipata vikiwa ndani ya maandishi. Boheti bin Amrani tunamjua leo kwa sababu jina lake liliandikwa. Mamia waliobeba mizigo pamoja naye hadi Lindi, wengi wao hatuwajui.